Mama, Uso Wangu Umeanza Kurudi

Mama,

Shikamoo. Bado nakuamkia kabla ya neno lolote, kama ulivyonilea.

Nimefanyiwa leza, tiba ya miale ya mwanga. Ile tiba ambayo daktari wa ngozi alituambia ipo Nairobi, ukasema, "Tutakwenda, hata kwa kuuza ng'ombe." Moyo wako haukusubiri. Ng'ombe tuliwauza, na mama mdogo ndiye aliyenisindikiza.

Walijaribu kwanza nyuma ya sikio, kipande cha ukubwa wa kucha. Siku ya uso walinifunika macho, mashine ikaanza. Kila mpigo ni kama tone la mafuta ya moto linaloruka kutoka kwenye kikaango. Nililia, Mama. Mtu mzima mwenye mtoto, nilikuita wewe. Uso ukavimba. Uvimbe ulipoisha, mahali pa ile rangi ya majivu nikaona kahawia yangu.

Unakumbuka matone ya maji yenye madini ya fedha? Ulinishikia kijiko asubuhi na jioni kwa ajili ya pumu, huku ukiniombea. Hukujua kwamba yanadhuru. Aliyekuuzia alikuapia kwamba ni dawa. Ngozi yangu ilipogeuka rangi ya wingu la mvua, watu kanisani wakawa wanahama benchi. Wewe ukanikalisha mbele kabisa, ukaimba kuishinda kwaya. Lakini siku moja nilikukuta kwenye migomba, peke yako, unasema, "Nimemharibu mwanangu mwenyewe." Nilikukumbatia. Ukakwepa macho yangu, na tangu siku ile... basi, hukunitazama tena sawasawa.

Mjukuu wako Furaha alizaliwa akanikuta hivyo hivyo. Niliporudi kutoka Nairobi alijificha nyuma ya mlango: "Huyu siyo mama!" Nikakaa chini, nikamwita taratibu. Akaja, akanigusa shavu. "Ile rangi yako nzuri wameipeleka wapi?"

Nzuri, Mama! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Laiti ungemsikia.

Bado shingo na mikono. Nitarudi mvua zikipungua, na nakuahidi sitaishia njiani hata kama inauma. Na mama yeyote atakayeniuliza habari za matone hayo nitamweleza asiyatumie, bila kumwaibisha.

Wewe acha kujilaumu. Jumapili nitamleta Furaha kaburini kwako. Nitamwambia aliyelala hapa alinipenda katika rangi zote mbili.

Lala salama, Mama.

Mwanao,
Elinipa