Mwanangu Anajibu kwa Biblia, Sifa Zinakwenda kwa Bi Salome

Rahila wangu ndiye aliyechaguliwa kutujibia Wakristo wote mbele ya watu, na Mlandege nzima nshaitangazia kabla hata tangazo halijasomwa kanisani.

Haya, sasa salamu, mpendwa mshauri, nnaomba unisaidie maana moyo unanichoma. Kanisani kwetu Mji Mkongwe vijana wameandaa alasiri ya maswali, majirani zetu Waislamu wamealikwa waje waulize walitakalo kuhusu imani yetu, kwa wema, bila ugomvi, kama wao wanavyotualika watoto wao wanapohitimu chuo cha Qurani tukala nao pilau. Wa kujibu ni Rahila, na sisemi kwa kuwa ni wangu, lakini kizazi changu kina akili, huyu alijua kusoma kabla hajavaa sare ya shule, mie na darasa langu la nne nilimpakata jioni na Biblia ya marehemu mama, kidole changu chini ya neno, tukikwama tunarudi nyuma, mpaka ikafika siku akawa ananisahihisha yeye.

Tatizo lilianza barazani kwetu. Jirani yangu Bi Biasha, mtu wangu wa siku nyingi, tunaazimana mpaka chumvi, aliniuliza hivi nyinyi mnaposema Yesu ni Mwana wa Mungu mnakusudia nini, na mie nikamjibu kwa kisa changu ninachojivunia, cha baba yake Rahila alipolazwa hata daktari akawa haniangalii usoni, nikapiga magoti sakafuni pale wodini watu wananitazama, na asubuhi mgonjwa akaomba uji. Nilitegemea atalia. Akasema, "Mwenzangu, na wangu alipona vivyo hivyo, na mie nilimuombea kwa dua zetu. Sasa nieleze nilichokuuliza."

Rahila akatoka ndani na Biblia, akakaa kwenye jamvi karibu na Bi Biasha, akafungua mwanzo wa Injili ya Yohana, akasoma polepole, akaeleza kwamba hatusemi Mungu kazaa kama watu wanavyozaa, tunasema hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyoandikiwa, hapa na hapa na hapa, na pale asipojua akasema hapo sijui, Bi Biasha, nitakwenda kuuliza. Bi Biasha akasema, "Silikubali, mwanangu, lakini leo nimelijua. Nani kakufunza?" Mtoto akasema, "Bi Salome."

Mshauri, na mie nimekaa pale pale.

Huyo Bi Salome ni mwalimu wa vijana kanisani, anao wanawe wawili wa kiume, wao hata mlango wa kanisa hawaujui, badala ya kuhangaika na wake anahangaika na wangu, kila Jumatano Rahila yuko kwake, akirudi ni Bi Salome kasema hivi, Bi Salome kasema vile, hata chai siku hizi anakunywa bila sukari kwa kuwa ndivyo anavyokunywa Bi Salome. Juzi sokoni Darajani mama mmoja akampa Bi Salome hongera ya mtoto, na mie nimesimama hapo hapo na kikapu changu. Nikamwambia Rahila siku ya maswali aeleze kupona kwa baba yake, aseme mama yangu alipiga magoti, watu waijue imani yetu na wajue imetoka nyumba gani. Akakataa, tena kwa adabu, "Mama, hilo nitalisema nikimshukuru Mungu. Wakiniuliza tunaamini nini, nitawafungulia palipoandikwa." Nikamwambia basi mie siji, na gauni la kitenge nililomshonea nimelitia sandukuni nimefunga, ufunguo nnao shingoni. Na watu nshawaalika, mpaka shemeji zangu wa Uroa. Nifanyeje?

Mama Rahila, Mlandege

MSHAURI ANAJIBU

Mama Rahila, hongera, na pole, na vua huo ufunguo shingoni kabla hujaendelea kusoma.

Kumsikia mwanao akitaja jina la mwanamke mwengine mbele ya jirani kunauma. Ningekuwa mimi ningeingia jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu. Lakini huo ni wivu, mama, na umekufikisha pabaya: unamtaka mtoto aiweke Biblia kando ili wewe uonekane. Bi Biasha alikuuliza mnaamini nini, ukampa habari za mumeo. Na yeye anazo za wake, mngeshindana waume mpaka Magharibi. Rahila alimfungulia Maandiko, akajibu kwa upole kama Petro alivyotuagiza, na asipojua akasema sijui. Jirani akaondoka amejua. Hiyo ndiyo kazi aliyochaguliwa kuifanya, mwache aifanye.

Kisa chako ni cha kweli na kizuri. Kisimulie siku ya shukrani, na mimi nitaitikia.

Sasa Bi Salome. Timotheo alilelewa na bibi yake na mama yake katika imani, akayajua Maandiko tangu mdogo, kisha akaja Paulo akamwita mwanangu. Nimetafuta sana, sijaona palipoandikwa kwamba yule mama alimnunia Paulo. Na wewe umeniandikia kwa kalamu yako kidole cha nani kilikuwa chini ya neno. Bi Salome alimpokea mtoto anayejua kusoma kitabu hicho tayari. Wanawe waache, huwajui wanavyomliza.

Leo hii fungua sanduku, umpelekee mtoto gauni lake mkononi. Jioni kaa naye, wewe uwe Bi Biasha, umuulize maswali magumu kuliko ya wote, naye akutafutie majibu katika ile Biblia ya mama yako; kidole safari hii kiwe chake. Kesho nenda kwa Bi Salome, umwambie ahsante kwa mdomo wako, umuombe mpike pamoja pilau la wageni. Siku yenyewe kaa mbele, baina ya Bi Biasha na Bi Salome, na usimjibie mtoto.

Shemeji wa Uroa wasirudishwe. Na nyinyi wasomaji mlioko mjini, mnakaribishwa pamoja nami kwenye maswali hayo kanisani: Jumamosi hii inayofuata Pasaka, watu wakishasali Alasiri.