Shimo Lisilo na Mzazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu nina wivu, na ninachokionea wivu ni shimo. Binti yangu wa pekee ni mtaalamu wa nyota, hana muda wa kunywa chai ikiwa bado moto, na tangu mwaka jana habari yake ni moja tu, shimo jeusi jepesi kuliko jua, ambalo kwa maelezo yake halikupaswa kuwepo, maana mashimo ya kawaida huzaliwa nyota kubwa zinapokufa na yote ni mazito kuliko jua mara kadhaa, basi hili dogo limetoka wapi, huenda lilijiumba ulimwengu ulipoanza, kabla ya nyota yoyote, na huenda halipo kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeliona, yeye na wenzake walinasa mtetemo tu wa vitu viwili vilivyogongana huko mbali. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ni lori limepita." Akacheka. "Baba, mtetemo uleule ulifika kwenye mitambo miwili iliyo katika nchi mbili. Hilo lori lina mabawa?" Mimi niliikimbia nchi yangu kwa sababu ya vita nikiwa kijana, nimeshona nguo za watu ugenini hadi mgongo umepinda, na mtoto huyu anayekosa usingizi kwa asili ya kitu kisicho na mzazi hajawahi kuniuliza kwetu ni wapi, isipokuwa utotoni, alipokuwa akikaa chini ya cherehani na kunisumbua kwa maswali, nami nikamwambia ni mbali, ale, chakula kinapoa. Mwezi ujao anahamia kwenye mmoja wa mitambo hiyo kwa miaka mitatu, na nimekusudia nisiende kumuaga, ili naye aonje. Je, nakosea?

Fundi Cherehani

Shikamoo, mzee wangu. Ndiyo, unakosea.

Umeandika kwamba binti hajakuuliza, na katika sentensi hiyohiyo umeandika alivyokuuliza. Akajibiwa: mbali, kula. Ulitaka arudie mara ngapi? Akaenda kuyauliza mashimo, ambayo angalau hayamwambii chakula kinapoa.

Najua kwa nini hukusema. Kuna nyumba ambazo mtu akizitaja inabidi azione tena. Pole sana.

Lakini nimemuuliza mtu anayeijua kazi ile. Shimo halitoi mwanga, kwa hiyo hulipima kwa mtetemo: kwa jinsi unavyozidi kasi, wanakadiria uzito. Kisha darubini hutafuta kama palimulika, maana masalia ya nyota yasiyo mashimo yakigongana huweza kung'aa, ilhali mashimo mawili hukaa kimya. Hata hapo hawatangazi. Mtetemo mmoja huenda ni kelele tu, basi wanangoja wa pili. Mzee, binti yako alilelewa na mtu asiyetoa mwanga, akaifanya hali hiyo kuwa taaluma. Nawe unalionea shimo wivu.

Nenda ukamuage. Ila kabla ya siku hiyo, akija kula, usingoje aulize. Usianze na vita. Anza na mlango wa kwenu, ulifungukia upande gani, nani alikuwa akiufunga usiku, kisha nyamaza. Akija tena mwambie kingine, kwa sababu mara moja hatakuamini. Kazi yake imemfundisha hivyo. Na akiweka kijiko chini akasema, "Halafu, baba?", tafadhali, kiacheni chakula kipoe.