Ugali kwenye tangi la samaki

Jumanne, baada ya chakula

Kumbe ni ugali! Wiki tatu nahangaika na tangi la samaki la marehemu mume wangu. Tangu msiba sikuligusa, mpaka maji yakawa ya kijani kama lambo la ng'ombe. Nikaanza kufanya kama alivyofanya yeye: natoa ndoo moja tu, naongeza nyingine iliyokaa wazi siku mbili ili dawa ya maji ya bomba ipungue. Maji yanatakata, kesho yake yamechafuka tena. Samaki watatu wamekufa, wamebaki wawili. Nimelaumu bomba, nimelaumu pampu.

Leo nimetoka kazini mapema. Nikamkuta mama mkwe, aliyetoka Shishiyu kuja kukaa nami, anamega tonge na kulitumbukiza ndani ya tangi.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "unafanya nini?"

"Nawagawia. Nitakulaje peke yangu, nao wananitazama?"

Hasira ilinipanda, nikaimeza. Mkwe hafokewi. Nikamweleza taratibu kwamba ugali unaozea chini na kuwaua. Alishtuka kweli, maskini. Akashika ndoo mwenyewe, mimi nikanyonya uchafu kwa mpira. Nadhani hawa wawili watapona. Sina hakika.

Ila lile neno lake, peke yangu, limenikaa. Tangu afike namwandalia chakula sebuleni, halafu nachukua sahani yangu naenda kula chumbani, nimefunga mlango.

Leo tumekula wote, kando ya tangi. Hakuwatupia kitu.