Anavyogeuza Kichwa

Jumatatu, 30 Julai 1956

Mimi ni mke wa Isidore! Nimeandika jina lake mara tano nyuma ya daftari, kama msichana wa darasa la sita. Masista wangeniona! Siku mbili tu tangu Padri atufungishe ndoa, na bado nasikia harufu ya maua ya altare kwenye nywele zangu.

Hapa Kibabi wote wanampenda. Jua halijatoka, tayari wako uani. Wachimbaji wa mgodini wanapita kumshika mkono kabla ya kazi. Papa mmoja mzee amempa ndama wake jina la Isidore! Mimi nasikia tu, nyuma ya pazia. Bibi-arusi haonekani. Hafagii, hateki maji, hakanyagi ua, mpaka siku ya kutwikurura, ndugu zangu watakapokuja kunitoa nje kwa nyimbo na maziwa. Mama mkwe, Mama Nyiransabimana, ameipanga Jumatatu ijayo, kesho yake ya pambano la ngumi la Isidore. Anasema pombe itakuwa moja, furaha mbili.

Siku nane chumbani. Dirisha dogo kama kitabu cha misa. Lakini usiku ni wetu!

Jumanne, 31 Julai

Nimemuuliza wifi yangu Léontine: mabondia wengine wanashinda pia, kwa nini huyu tu ndiye anabebwa mabegani? Amenicheka.

"Weye haujamuona anapigana! Muntu akianza kuanguka, Isidore anamudaka mbele aguse udongo. Anamukalisha, anamupanguza uso na taulo yake mwenyewe. Bibi ya ule muntu iko pale anaangalia. Hakuna haya. Na tena, anavyogeuza kichwa!"

Akanionyesha: kidevu juu ya bega la kushoto, tabasamu, halafu ngumi. Ameanza hivyo baada ya Pasaka. Sasa watoto wote wa njiani wanatembea hivyo. Wanawake wanagombania kusimama upande wa kushoto, kila mmoja anadhani ni yeye anayeangaliwa. Nimeona wivu kidogo. Wivu mtamu!

Jumapili atapigana na Barthélemy wa Walikale. Mwaka jana Isidore alimwangusha, akamdaka. Barthélemy huyo huyo alituletea asali ya msituni kwenye arusi! Mkono wake wa kuume, anasema Léontine, unaangusha mti.

Jumatano, 1 Agosti

Nilimpelekea Isidore kikombe cha maziwa. Alikuwa amekaa kitandani, nikasimama upande wake wa kushoto. Hakukipokea. Nikadhani anacheza. Nikakisogeza mpaka karibu na shavu lake. Hakuna kitu. Halafu akageuza kichwa — vile vile, kidevu juu ya bega — akashtuka kuniona.

Nikaweka kikombe chini.

"Tangu Pasaka, Emérence," akasema. "Upande huu ni giza."

Nikalia. Nikamwambia aache, aseme anaumwa, aseme chochote! Mkono wa kuume wa Barthélemy utatokea pale pale asipoona, na jicho la pili likipigwa je? Akanibusu viganja.

"Bantu wametoka Walikale kwa miguu. Hata leo sijakataa muntu. Nitawaambia nini?"

Akaniapisha, kwa rozari yetu ya arusi, nisimwambie mtu. Nikaapa. Mjinga mimi! Angeniomba mwezi wakati ule, ningempa.

Ijumaa, 3 Agosti

Ua umejaa. Wanaimba: "Geuza, Isidore, geuza!" Akatoka, akawageuzia. Kelele! Mimi niliuona mgongo wake tu.

Wanashangilia giza lake. Hawajui. Infirmier, muuguzi wa mgodi, naye alikuwa akiimba, na ndiye anayepima mabondia.

Hakuna anayeniita Emérence. "Bibi ya Shampioni iko ndani!" wanaambizana, kama wanaongelea mbuzi aliyefungwa.

Jumamosi, 4 Agosti

Nilimuuliza Léontine, kama mzaha: na nikichoka na chumba, nikatoka leo?

"Ee! Usicheze! Bibi-arusi akitoka mbele ya siku yake, hakuna muntu atapigana. Barthélemy mwenyewe atavua gloves. Na weye watakuita mukosi mpaka uzeeke."

Akaendelea kusuka mkeka. Mimi sikusikia tena kitu. Kutoka si kusema. Sitakuwa nimevunja kiapo.

Mukosi mpaka nizeeke. Na yeye atanipenda bado?

Siwezi hata kuandika vizuri. Anakula mlangoni na wageni. Anacheka. Mzuri kweli! Mungu wangu.

Jumapili, 5 Agosti

Uwanja uko hapa mteremkoni, chini kidogo ya nyumba. Nasikia yote kupitia ukuta wa matete. Wanaume wanatukanana, mabibi wanasukumana. "Sogea, mama, upande wa kushoto ni wetu!"

Aliondoka baada ya misa. Akanishika uso.

Mama mkwe amekaa kwenye kiti kidogo, katikati ya mlango. Kibuyu cha maziwa mapajani. Hakwenda uwanjani. Nikamwambia: "Mama, naomba kupita."

"Siku yako ni kesho, mwanangu."

"Naomba, Mama." Siwezi kusema zaidi. Nimeapa.

Akaniangalia. Akaangalia viatu vya arusi mkononi mwangu.

"Ni jicho, njo hivi?"

Nikainamisha macho. Akashusha kibuyu chini.

"Mimi njo nilimufundisha kugeuza kichwa. Sikupenda wamuite chongo. Sikujua watapenda vile."

Nimerudi kitandani. Sijui kwa nini naandika. Mkono unataka kushika kitu.

Kengele! Imelia. Wanaimba: geuza, geuza. Sasa kishindo — wameguna wote pamoja. Nani amepigwa? Wanaimba tena. Yuko bado amesimama, basi. Tena kishindo. Hawaimbi.

Mama mkwe amesogeza kiti chake. Hajanitazama. Amekisogeza kidogo tu, upana wa mtu mmoja.

Kiatu kimoja nimevaa. Cha pili