Nyemo Alipopiga Gitaa Area D

Mume wangu mpendwa, Baba Nyemo,

Jumamosi jioni nilikwenda ukumbini Area D kumsikiliza binti yetu na bendi yake. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilolipenda, nikakaa mbele kabisa kama mama wa bibi harusi.

Unakumbuka siku aliporudi na gitaa kutoka Majengo? Ulisema, "Gitaa ni la kwaya. Nje ya kanisa ni uhuni." Akakujibu, "Sawa, baba," kisha akaendelea kupiga chumbani, mlango kaufunga. Mimi nilinyamaza katikati yenu. Hilo nalijutia.

Bendi yao ina watu wanne tu: magitaa mawili, besi na ngoma. Nyimbo wanatunga wenyewe. Mwanzoni vijana wa nyuma walipiga kelele, "Pigeni tunazozijua!" Nyemo alitoa kipande cha khanga mfukoni, akakichomeka chini ya nyuzi, na alipozigusa, mume wangu, ikatoka sauti ya ilimba! Ilimba ya kwetu Bahi, ile inayopigwa kwa vidole gumba, imo ndani ya gitaa la umeme. Mwenzake akamjibu kwa gitaa la pili, mbio mbio, kila mmoja akishika njia yake, hata nikadhani watapotezana. Wapi! Wale wapiga kelele ndio waliotangulia kusimama kucheza.

Mama mmoja pembeni yangu akauliza, "Huyu binti katoka wapi?"

"Kwangu," nikasema. "Nimemzaa mimi." Nusu ya ukumbi iligeuka.

Walipomaliza tulikaa nje, jasho likimtiririka. Akaniuliza taratibu, "Mama, baba angekuwa hai, angeona aibu?"

Hapo ndipo nilipovunja ahadi yetu. Nilimweleza kwamba kila alipopiga, ulitoka kama mtu anayekwenda kumwagilia mchicha, ukasimama chini ya dirisha lake mpaka maji ya mpira yakakujaa viatuni. Na kwamba nilipokufuma ulininong'oneza, "Usimwambie. Ataacha kujitahidi."

Akanigeukia. "Kumbe alikuwa anasikiliza?"

"Kila wimbo."

Akacheka huku machozi yakimtoka, akaniegemea begani kama alipokuwa mdogo.

Nisamehe kwa kuitoa siri yako. Ilikuwa imekaa kwangu muda wa kutosha, na Nyemo alikuwa anaihitaji. Lala salama, mume wangu. Mwanao sasa anajua.

Mkeo,
Mama Nyemo