Saa ambayo mbung'o bado wana baridi

Jumatatu, 1 Septemba
Gari limeoshwa. Viti nimevivika vitambaa vya bluu kutoka madukani Kashaulili. Mpanda nzima hakuna gari la watalii kama langu, na mimi nimeendesha mpaka Lusaka.

Siku hizi mgeni hachagui saa ya kuona viboko mpaka aulize habari za afya. Mama mmoja Mholanzi ameandika: mume wangu katoka kuumwa sana, mbung'o wanauma saa ngapi? Nimemjibu hifadhini Katavi mbung'o hamna. Achague saa yoyote. Kachagua saa sita mchana.

Jumatano, 3 Septemba
Mke wangu Koleta kasoma simu yangu.

"Baba Neema, mbung'o hamna? Wamehamia wapi, Dar?"

Kisha akaona viti. "Na bluu! Ile ile ya mitego ya mbung'o porini. Si umewatandikia kitanda!"

Nimecheka. Yeye hajacheka. Baba yake alikufa kwa malale, ugonjwa wa mbung'o. Kaburi nilichimba mimi. Halafu naandika hamna. Nimejiona mjinga.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemwandikia mama upya, Koleta kasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Mbung'o wapo. Jua likipanda wanakuja kwa fujo. Malale ni nadra, ila yapo. Njooni saa kumi na mbili asubuhi, kungali baridi, saa tatu tuwe tumetoka. Msivae bluu wala nyeusi. Mkipata homa hata mkiwa kwenu, mwambieni daktari mlifika Katavi.

Ijumaa, 5 Septemba
Mama hajajibu. Kundi jingine nililolipelekea maneno hayo hayo limefuta safari. Roho inauma. Viti nimevivua vitambaa vya bluu.

Jumamosi, 6 Septemba
Mama kajibu! Saa kumi na mbili, Jumatatu. Mtu mmoja. Mzee atabaki hotelini, daktari wake kamkataza. Mama anasema asingejua, angemleta.

Simu nimempa Koleta asome mwenyewe.

Jumatatu, 8 Septemba
Tumefika bwawani jua halijapanda. Viboko wamebanana kwenye tope. Nilikuwa na hadithi zangu kumi tayari, za simba na za Lusaka. Mama akatoa simu, akaweka kidole mdomoni. Anamrekodia mume wake sauti za viboko.

Nimenyamaza karibu saa nzima. Mbung'o mmoja tu, kaniuma mimi shingoni. Sikumpiga, kofi lisije likasikika kwenye rekodi.

Koleta haamini kwamba nilinyamaza.