Adrese Yenye Nilifuta

Siku ya ine, mangaribi

 Leo fundi alikuja kutengeneza ordinateur ya ofisi yangu, hapa Kasapa, kwenye naandikia bantu barua zao. Akakuta programu ya upelelezi ndani. Iliingia pamoja na ile ya bure ya kusahihisha Kifaransa. Ni miye niliiweka. Nilibonyeza «J'accepte», ni kusema nakubali, bila kusoma, mujinga miye!

Anasema kila kitu naandika kinaenda kwa kampuni fulani, nayo inauzisha kwa yeyote mwenye kulipa. Yeyote.

Juzi niliandikia Mama Furaha, mukimbizi wa vita ya Kivu, barua ya kuomba musaada. Akataja nyumba ya kule Kipushi kwenye mutoto wake anajificha, mwenye bantu ba bunduki banamutafuta. Halafu akashtuka: «Dada, futa hapo. Tafazali, futa.»

Nikafuta adrese yote. Nikamugeuzia écran ya ordinateur ajionee mwenyewe. Akanishika mikono yote mbili, akanishukuru.

Kesho asubuhi nitaenda kwake kwa miguu. Telefone nayo naiogopa.

Fundi alinifungulia yenye programu ilichunga na kutuma. Barua iko yote. Na avenue iko, na numero ya nyumba. Ile yenye nilifuta mbele ya macho ya Mama Furaha.